Sabuni ya Mzee Chupa

Hakuna kitu kilichompandisha Mzee Chupa mori asubuhi kama kukuta kikombe cha kahawa ndani ya sinki lake. Na kila asubuhi alikikuta. Kikombe cheupe, mkono umemeguka kidogo, kahawa imegandia chini kama lami, kimelazwa katikati ya vichupa vya kioo ambavyo jana yake alivisuuza mara saba. Mwenye kikombe alijulikana. Alikuwa Profesa, mwanamke mwenye digrii tatu na ukuta mzima wa vyeti, aliyeweza kukueleza umbo la protini mpaka ukadhani umeishika mkononi, lakini aliyeshindwa kutofautisha sinki la vyombo vya maabara na sinki la vikombe. Kati ya masinki hayo mawili palikuwa na hatua nne na kibao chenye maandishi mekundu.

"Profesa, kibao unakiona?"

"Nakiona, Mzee wangu."

"Kinasemaje?"

"Nilikuwa na haraka."

"Hakisemi hivyo."

Profesa alicheka, akachukua kikombe chake, na kesho yake kilirudi palepale.

Mzee Chupa alikuwa mwosha vyombo wa maabara kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la utumishi. Hata mkewe siku alipompigia simu kazini aliomba kuongea na Mzee Chupa. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya pili: masinki matatu, tanuri la kukaushia, rafu za waya, na dirisha moja kubwa lililotazama maegesho ya magari. Dirisha hilo lilikuwa chombo chake cha kazi. Akishaosha kichupa kwa sabuni, akakisuuza mara sita kwa maji ya bomba na mara ya saba kwa maji yaliyokenekwa, yaani maji yasiyo na kitu kingine ndani yake ila maji, alikiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukiinamisha. Kioo kilicho safi kweli maji hukifunika sawasawa kama shuka, yakateremka yote kwa pamoja. Kioo chenye uchafu, hata usioonekana kwa macho, maji hujikusanya juu yake matone matone kama shanga. Mzee Chupa akiona shanga, alirudia yote saba. Hakujali nani anasubiri mlangoni na roho juu.

Watu waliokuja na haraka zao walimwona kero. Naye aliwaona kero. Walikuwa sare.

Kazi ya Profesa aliielewa, tofauti na walivyodhani wengi pale. Alieleweshwa na Profesa mwenyewe, wakati wa chai, kwa yai la kuchemsha. Profesa alilimenya yai lake, akaliweka kwenye kiganja.

"Dawa nyingi, Mzee, zinafanya kazi kama ufunguo kwenye kufuli. Protini ina tundu, dawa inaingia kwenye tundu, protini inaacha ubaya wake. Sasa mimi nimepata hii." Akalizungusha yai. "Hii ndiyo inayofanya uvimbe uendelee kukua na kukua. Na haina tundu. Laini kila upande. Ufunguo utauchomeka wapi?"

"Kwa nini usiache, ukatafuta yenye tundu?"

"Zenye tundu zina watu wa kuzitafuta. Wagonjwa wa hii hawana mtu."

Jibu hilo Mzee Chupa alilipenda, japo hakumwonyesha.

Mpango wa Profesa ulikuwa huu. Ndani ya kila seli ya mwili mna wazoa taka wake, nao pia ni protini, ambao kazi yao ni kukamata protini zilizochakaa na kuzipeleka kuvunjwavunjwa. Wazoa taka hao walipita kando ya lile yai kila siku bila kuliona. Profesa alitafuta kemikali ndogo iwe kama gundi: upande mmoja inate kwenye yai, upande wa pili imnase mzoa taka. Gundi ikiwashikanisha hao wawili, kazi imekwisha, seli itajisafisha yenyewe. Walitengeneza kemikali moja baada ya nyingine, wakazipa namba. Mashine iliyokuwa kwenye kona ya maabara ilisoma kama yai na mzoa taka wameshikana: wasiposhikana, ilitoa namba ndogo, wakishikana, namba kubwa. Kwa miaka saba na kemikali thelathini na tatu, mashine ilitoa saba, tisa, sita, nane. Mtu angeweza kudhani imeharibika.

Halafu ikaja Thelathini na Nne, mashine ikasoma mia sita na kumi.

Siku hiyo mwanafunzi wa Profesa wa shahada ya uzamivu, binti mmoja mwenye miwani ambaye Mzee Chupa alimwita Mtarajiwa kwa kuwa alitarajiwa kuwa daktari tangu miaka sita iliyopita, alitoka mbio koridoni akilia na kucheka kwa pamoja. Wakatengeneza kemikali nyingine tano zinazofanana na Thelathini na Nne, za ukoo mmoja, na zote zikatoa namba za juu. Profesa akasema ukoo mzima kufanya kazi ni dalili njema kuliko zote. Mkuu wa kitivo, ambaye kwa miaka saba alipita mbele ya mlango wa maabara hiyo kama anayepita mbele ya msiba usiomhusu, ghafla akawa haondoki. Akapanga siku ya kutangaza: Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ukumbi mkubwa, wageni wa wizara na waandishi wa habari.

Miezi ileile, siku chache kabla ya Thelathini na Nne, ndipo ofisi ya ununuzi ilipoleta mirija ya plastiki.

Afisa ununuzi aliileta mwenyewe, maboksi sita, kwa furaha ya mtu aliyeleta umeme kijijini. "Mzee, umepona! Hii inatumika mara moja, inatupwa. Hakuna kusugua tena. Pumzisha mgongo."

Mzee Chupa alifungua mfuko mmoja, akatia pua. "Inanuka."

"Inanuka nini?"

"Kiatu kipya."

"Basi ni vizuri, ina maana ni mpya!" Afisa akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, mrija ni mrija. Uliouagiza na huu ni kitu kimoja, tofauti ni boksi tu."

"Sikuagiza mimi mrija wowote."

"Basi hata kosa si lako."

Mwanzoni mwa mwezi ule wa kutangaza, barua ikabandikwa mlangoni kwake. Kwa kuwa kitivo sasa kinatumia vyombo vya kutupwa, chumba cha kuoshea kitafungwa mwisho wa mwezi na kugeuzwa ofisi, na mhudumu wake atahamishiwa stoo ya samani. Mzee Chupa aliisoma mara mbili. Stoo ya samani ilikuwa chini ya ngazi. Haikuwa na dirisha.

Yote hayo angeyameza. Alikuwa amemeza mengi, na miaka mitatu tu ilimtenga na kustaafu. Kilichomkaba kooni kilikuja Jumatano, siku tisa kabla ya kutangaza.

Maboksi ya mirija yalikuwa yameisha, mapya hayajaletwa. Mtarajiwa alikuwa ametengeneza Thelathini na Nne mpya, kwa ajili ya kuionyesha siku ya wageni, na kwa kukosa mirija akaihifadhi kwenye vichupa vya kioo vya Mzee Chupa. Akapima. Mashine ikasoma tisa. Akapima tena: saba. Akachukua ile Thelathini na Nne ya zamani, iliyokaa kwenye mirija tangu mwanzo: mia sita na tano.

Saa nne asubuhi Profesa alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuoshea, na mara hii hakuja kuchukua kikombe.

"Mzee, umebadilisha sabuni?"

"Sijabadilisha."

"Umesuuza mara ngapi?"

Mzee Chupa aliweka brashi chini. Katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Unaniuliza mimi, mara ngapi?"

"Usikasirike, Mzee wangu. Kemikali ileile, kwenye plastiki inafanya kazi, kwenye kioo chako imekufa. Lazima kuna kitu kwenye kioo. Masalia ya sabuni. Mtu ni mtu, anachoka."

"Njoo uone," alisema Mzee Chupa. Akainua kichupa dirishani, akamimina maji. Maji yakateremka kama shuka. "Shanga iko wapi? Nionyeshe shanga moja, leo hii nahamia stoo kwa miguu yangu."

"Si lazima ionekane kwa macho..."

"Mrija wako unanuka kama duka la viatu, kichupa changu hakinuki kitu, halafu mwenye uchafu ni mimi?"

"Mzee, nina siku tisa," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. Mchana, kwenye ripoti ya maendeleo iliyopitia meza zote hadi kwa mkuu wa kitivo, iliandikwa sentensi moja: vipimo vya Jumatano vimefutwa kwa sababu ya masalia ya sabuni kwenye vyombo vilivyooshwa kwa mkono.

Sentensi ile alionyeshwa na afisa ununuzi, kwa huruma iliyouma kuliko kejeli.

Jioni alifika nyumbani akibamiza kila mlango uliokubali kubamizwa. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Sebule yao nusu ilikuwa viti, nusu vitambaa. Alimwacha azunguke, azungumze na kabati, azungumze na dari, mpaka akaishiwa.

"Baba watoto, hao watu umewaambia kwamba tatizo ni mirija?"

"Nimewaambia! Tangu siku ya kwanza!"

"Umewaambia au umewagombeza?"

Mzee Chupa akasogeza vitambaa, akaketi.

"Maana wewe ukianza kuongea, mtu anatafuta mlango. Mimi mwenyewe miaka thelathini na moja sijui mangapi ya maana yamenipita." Aliukata uzi kwa meno. "Mteja akiniambia nguo imebana, hatubishani. Namvalisha mbele ya kioo. Wavalishe."

"Nitawavalishaje?"

"Mwenye maabara ni wewe au mimi? Na ukimaliza hasira, kuna sufuria pale. Kazini unaosha mia tatu kwa siku, hapa sufuria moja unaikimbia kama deni."

Aliiosha ile sufuria. Mara saba, kwa ukaidi. Na katikati ya kusuuza, mikono ikiwa ndani ya maji, akaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yao wote.

Kila walipopima kemikali, walipima pia kiyeyushi kitupu, yaani kile kimiminika cha kuyeyushia kemikali, bila kemikali yoyote ndani, ili wapate cha kulinganisha. Kiyeyushi kitupu siku zote kilisoma namba ndogo, na kwa hiyo waliamini kwamba namba kubwa imeletwa na kemikali. Lakini kiyeyushi kitupu kilichotwa moja kwa moja kutoka chupa kubwa iliyokaa rafuni. Mzee Chupa aliijua vizuri chupa ile. Aliiosha yeye. Ilikuwa ya kioo. Kemikali zilikaa wiki nzima ndani ya plastiki. Kiyeyushi kitupu hakikuwahi kuigusa plastiki hata siku moja.

"Nipe uzi," alimwambia mkewe.

"Rangi gani?"

"Mbili. Yoyote."

Alhamisi asubuhi aliokota mirija miwili iliyosahaulika chini ya boksi. Ndani yake akatia kiyeyushi kitupu. Akatia kiyeyushi kilekile kwenye vichupa vyake viwili vya kioo. Vyote akavifungia kabatini mwake siku tano. Jumanne akavimimina vyote kwenye vichupa vinne vya kioo vinavyofanana, ili asiwepo wa kujua kilichotoka wapi, akavifunga shingoni nyuzi: vilivyotoka kwenye kioo uzi mwekundu, vilivyotoka kwenye mirija uzi wa bluu. Akaenda kwa Mtarajiwa.

"Mwanangu, nipimie hivi."

"Ni nini, Mzee?"

"Pima kwanza."

"Mzee, tuna Ijumaa, nina slaidi hazijaisha, Profesa..."

"Miaka ishirini na miwili sijawahi kuja na chombo hapa nikaomba kupimiwa. Leo nimekuja. Dakika zako ishirini."

Mtarajiwa alipima. Mwekundu wa kwanza: nane. Mwekundu wa pili: saba. Bluu ya kwanza: mia tano na tisini. Bluu ya pili: mia sita na ishirini. Akageuka na kicheko cha ahueni.

"Ala, Mzee! Kumbe umenitafutia Thelathini na Nne nyingine! Hii ya bluu, si ndiyo yenyewe?"

"Humo hamna Thelathini na Nne."

"Kuna ipi, basi? Ya ukoo wake?"

"Hamna kitu. Kiyeyushi kitupu. Kimekaa kwenye mrija siku tano."

Mtarajiwa aliitazama skrini, akavitazama vichupa, akaivua miwani yake. Aliketi taratibu kama mtu anayetafuta kiti kilipo. "Mzee," alisema mwishowe, "nitamwambiaje?"

Kumbe Mzee Chupa alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa hamu. Usiku kucha alikuwa amezipanga sentensi zake: mtu ni mtu anachoka, masalia ya sabuni, nani mchafu sasa. Lakini alipomwona binti yule ameshika miwani yake kwa mikono miwili, sentensi zote zikamkwama. Ushindi gani huu? Wale wagonjwa wasio na mtu asubuhi walikuwa na dawa, mchana hawana. Alijikuta amemkasirikia mrija, afisa, boksi, na hata uzi wa bluu.

Profesa hakuamini, na hakulazimika kuamini. Aliagiza asisaidiwe na mtu, akarudia yeye mwenyewe kuanzia mwanzo, kwa mirija ya boksi jipya lililokuwa limefika, siku mbili badala ya tano. Alhamisi alasiri mashine ikasoma mia tatu na themanini kwa kiyeyushi kisicho na kitu. Kumbe kilichotoka kwenye plastiki kilifanya protini zijikusanye ovyo, zikang'ang'aniana kama nywele kwenye mdomo wa sinki, na mashine ikadhani ndiyo gundi. Ukoo mzima wa Thelathini na Nne ulikuwa ukoo wa mirija.

Mkuu wa kitivo alifika akitembea upesi. Mzee Chupa alikuwepo, ameitwa aeleze, amesimama na taulo begani.

"Wageni wamealikwa," alisema mkuu.

"Waambiwe hakuna kitu," alisema Profesa.

"Profesa, tuwe watu wazima. Hii habari ya plastiki nani anaijua? Watu wanne. Tutangaze matokeo ya awali. Neno 'awali' linabeba mengi. Wageni wakishaondoka, mnaendelea kuchunguza taratibu."

"Halafu mgonjwa ameze nini? Mkutano?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijaipandisha bado." Profesa alisimama. "Miaka saba nimekuomba mashine ya pili, hukuja. Leo umekuja na waandishi wa habari. Kuna mtu mahali fulani ana mtoto amelala kitandani, atasikia redioni kwamba tumeipata, ataanza kuhesabu siku. Wewe utamhesabia mirija? Sitangazi. Ukitaka tangaza wewe, upande jukwaani, ueleze yai na mzoa taka kwa akili yako mwenyewe, nami nitakaa kiti cha mbele nikuulize maswali."

Macho ya mkuu yakamwangukia Mzee Chupa, kana kwamba taulo lile ndilo lililoharibu mambo yote. "Na huyu? Si mmesema sabuni?"

"Sisi tulisema sabuni," alijibu Profesa. "Na sisi ndio tutafuta."

Aliifuta kwa kalamu palepale, kwenye nakala ya ripoti, akaandika juu yake: vyombo vilivyooshwa kwa mkono vilikuwa safi, kosa lilikuwa letu. Akatia saini. Mzee Chupa alisoma maneno hayo kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza, akalihamishia taulo bega la pili.

Mkutano uliahirishwa kwa sababu zisizoelezwa. Barua mlangoni ikabanduliwa, ikabandikwa nyingine: chumba cha kuoshea kitaendelea kutumika mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Afisa ununuzi alipoulizwa alisema mirija ilikuwa na vibali vyote. Hakuna aliyemwomba Mzee Chupa radhi kwa barua, na maneno "itakapoamuliwa vinginevyo" yalimkera kila alipoupita mlango wake, yaani mara arobaini kwa siku.

Jumatatu Profesa alikuja na orodha.

"Tunarudi nyuma, Mzee. Kemikali zote, kuanzia namba moja. Zote kwenye kioo, na kiyeyushi kitupu kando yake kwenye kioo kilekile. Nahitaji vichupa mia tatu na ishirini kufikia Alhamisi."

"Mia tatu na ishirini! Kwa mikono ipi? Unadhani mimi pweza?"

"Nimeleta mingine miwili." Alikuwa ameshakunja mikono ya koti lake. Akachukua brashi, akaanza.

Mzee Chupa alimtazama kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana. "Profesa, samahani. Unaosha au unabembeleza?"

"Nionyeshe basi."

Akamwonyesha: brashi mpaka chini, zungusha, toa, suuza, hesabu kwa sauti. Profesa alihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika saba alikiinua kichupa dirishani mwenyewe, akakiinamisha, akageuka na tabasamu la mtu aliyefaulu.

Mzee Chupa alisogea, akakitazama kwenye mwanga. Karibu na shingo, yametulia matone matatu, madogo, duara kabisa.

"Shanga," alisema. "Rudia. Na kabla hujarudia, hicho kikombe chako kitoe kwenye sinki langu."